Alama ya Pasi

Mimi ni dobi. Nalitanguliza hilo mbele ya jina langu kwa sababu huku kwetu jina huweza kumtoka mtu akilala vibaya, lakini kazi yake humsubiri mlangoni asubuhi. Nimewahi kuamka nikiitwa kwa jina la marehemu baba, nikaitika. Nimewahi kuanza kufua nikiwa kijana na kumaliza beseni lilelile nikiwa mzee anayeumwa magoti, na hakuna aliyeniuliza kitu. Kalenda yetu ilipotea zamani. Waliotumwa kuitafuta walirudi wakiwa wadogo kuliko walivyoondoka, ikabidi watafutiwe wa kuwanyonyesha. Kwa hiyo sisi wa Nyumba ya Mavazi tunahesabu umri kwa kanzu tulizofua, na mimi, Yokonia, nina kanzu elfu kumi na moja na ushei.

Kila moja ya hizo ilipanda mlimani ikiwa mwilini mwa mtu mwingine. Juu kule iko Nyumba yenyewe, na ndani yake anakaa Yeye ambaye tunamwita Mwenye Nyumba, kwa kuwa midomo yetu inaogopa majina makubwa zaidi ya hapo. Kengele yake humwita mtu mara moja tu, na kila anayeitwa husikia jina lake humohumo ndani ya mlio, kama unavyoisikia sauti ya mama yako katikati ya kelele za soko. Kisha mwangwi hubaki angani. Unaweza kubaki muda wa kula chakula cha mchana, unaweza kubaki misimu mitatu. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba lazima uwe umeingia kabla mwangwi haujafa, na kwamba lazima uwe mweupe. Ukikosa kimoja umekosa vyote, na hakuna kengele ya pili.

Nilikuwa na swali langu ambalo sikumwambia mtu. Kama Mwenye Nyumba anaona mpaka ndani ya mifupa, kanzu ni ya nini? Mtu anamkaribiaje anayemwona hivyo? Akaribie amejificha wapi? Ni swali baya kwa mtu wa kazi yangu, maana ukilifuata hadi mwisho unajikuta huna kazi. Nikalikunja vizuri na kuliweka chini kabisa ya nguo nyingine. Nililijibu kwa mikono, nikafua zaidi. Nikafua mpaka watu wakasema weupe wa Yokonia unaumiza macho, nami nikajifanya sikusikia, huku nikisikia vizuri sana.

Halafu siku moja, jua likiwa utosini, nimeinama kwenye karai, kengele ikalia. Na jina lililokuwa ndani yake lilikuwa langu.

Nililia. Siwezi kulisema kwa namna ya kunipa heshima. Nilikaa chini kwenye matope ya povu na kulia kwa sauti, mzee mzima. Maisha yangu yote nilikuwa nimefulia safari za wengine, na sasa yangu imefika. Mama Foibe, mkuu wa Nyumba ya Mavazi, mwanamke aliyekuwa na macho ya kuona uzi uliokatika kutoka upande wa pili wa uwanja, akaja akanisimamia.

"Inuka, Yokonia. Nguo zako zinalowa."

"Nimeitwa, mama."

"Nimesikia. Basi usituaibishe. Leo ndipo watajua sisi ni akina nani."

Nikaenda kwenye sanduku langu kutoa kanzu niliyojiwekea tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi. Haikuwahi kuvaliwa. Haikuwahi kukaribiana na moto. Nilipoikunjua nikaona, upande wa kushoto, juu ya moyo, alama ya rangi ya kahawia, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imechongoka upande mmoja. Kila dobi anaijua alama ile hata akiwa amefumba macho. Ni ncha ya pasi ya mkaa iliyokaa mahali pamoja kupita kiasi.

Na mimi nilijua niliiona wapi kwa mara ya kwanza.

Zamani, kanzu elfu tano au sita zilizopita, pazia la Nyumba lililetwa kwetu lipigwe pasi. Pazia hilo ndilo lililotenga chumba Anachokaa na vyumba vingine vyote. Lilishushwa mara moja katika kila kizazi, likibebwa na watu kumi na wawili wasiozungumza njiani. Kazi tulipewa mimi na dada yangu mdogo, Anyesi. Yeye alikuwa wa kunyunyiza maji na kuangalia makaa, mimi wa kushika pasi. Nilikuwa na njaa ya kusifiwa. Nikajaza makaa mpaka kifuniko kikawa hakifungi, nikamkataza Anyesi asinyunyize tena maana ananichelewesha, na nilipoinua macho kuangalia kama watu wananitazama, pasi ilikuwa imetulia katikati ya pazia. Ni muda wa kupiga chafya tu.

"Nani amechoma?" Mama Foibe akauliza. Watu wote walikuwepo.

"Anyesi," nikasema.

"Siyo mimi," Anyesi akasema. Alisema mara hiyo moja. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni.

Wakampeleka Bondeni kufua magunia ya mkaa. Bondeni ni mahali ambapo, kwa mafundisho yetu, mtu haitwi tena. Ile alama mimi mwenyewe niliifunika kwa wanga na buluu, pazia likarudishwa juu, na tangu siku ile halikushuka tena. Kizazi kikapita, kingine kikapita, wale wabebaji kumi na wawili wakazeeka wakingoja. Mama Foibe akatufundisha kwamba Mwenye Nyumba alichukizwa na mkono wa Anyesi, ndiyo maana hatuletei tena pazia lake. Alipokuwa akifundisha hivyo, mimi nilikuwa nikitikisa kichwa kwa masikitiko pamoja na wengine.

Niseme kidogo kuhusu buluu, kwa asiyekuwa dobi. Buluu ya kufulia haiondoi doa. Nguo nyeupe ikianza kuwa ya manjano, unaisuuza kwenye maji yenye buluu kidogo, na jicho la mtu linapumbazwa, linaona weupe. Doa liko palepale limekaa raha mustarehe. Kazi yangu nusu yake ilikuwa kuosha, nusu nyingine ilikuwa kulipumbaza jicho, na sikuona ubaya wowote maana macho niliyoyajua yote yalipumbazika.

Basi nikaifua ile kanzu. Kwa sabuni, kwa ndimu na chumvi, kwa kuianika juani na kuinyunyizia maji mpaka mgongo ukaniuma. Alama haikutikisika. Mwangwi ulikuwa juu yangu muda wote, mzito, mtamu, ukisema Yokonia, Yokonia. Nikachukua buluu. Nikachukua wanga. Nilipomaliza, kanzu ilisimama yenyewe bila mtu ndani, nyeupe kuliko zote elfu kumi na moja, na Mama Foibe aliipitishia kidole asione kitu.

Njia ya kupanda kule haina urefu wake yenyewe. Hurefuka kwa kadiri ya ulichobeba, na mimi nilikuwa nimebeba ukucha mmoja wa rangi ya kahawia, nikatembea vizazi. Tulikuwa wengi, safu nzima, sote weupe, sote tukitembea huku mikono tumeitenga na mwili ili tusijikunje. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Nikajiuliza kama kuna utakatifu unaomzuia mtu kumshika jirani yake anayejikwaa, na swali hilo nalo nikalikunja. Mbele yangu alitembea kijana mwenye kisogo changu. Nikaharakisha nimwone, akageuka, na alikuwa mimi, mimi wa asubuhi ya siku ile ya pazia, uso ambao ulikuwa bado haujasema uongo hata mmoja wa maana.

"Shikamoo," akanisalimia.

Nilifungua mdomo kuitikia, neno likakataa. Ungedhani ni jambo dogo, kuitikia salamu ya mtoto. Alisubiri kwa adabu, halafu akaendelea kupanda akaniacha.

Juu kabisa palikuwa na uwanja wa mawe, na upande wa pili mlango wa Nyumba, hatua saba tu kutoka ukingoni. Mama Foibe alikuwa amekwisha kufika, sijui kwa njia gani, naye alikuwa pembeni akikagua safu. Na katikati ya uwanja, kati yetu na mlango, mtu mmoja alikuwa amechuchumaa kwenye beseni, mikono ya kanzu yake ameikunja hadi juu ya viwiko. Waliotangulia walimpita pembeni bila kumtazama. Nilielewa kwa nini. Ni nani anayefika amevaa nyeupe halafu asimame kuongea na mfuaji?

"Karibu, Yokonia," akasema. "Lete nikufulie."

Nikacheka, kusema kweli. "Ndugu yangu, unajua unasema na nani? Hao wote wanaokupita, weupe wao umetoka kwenye mikono hii."

"Naijua mikono yako," akasema.

Viganja vyake vilikuwa na makovu. Nikadhani ni ya pasi, kama tuliyonayo sote, na nikamhurumia kidogo kama mtu wa kazi moja. "Basi mfulie mwingine," nikamwambia. "Mimi mwangwi haunisubiri."

Akasimama kunipisha, na aliposimama akakung'uta maji mikononi. Tone moja likaniangukia kifuani. Moja tu. Nikaona buluu ikiteremka kwenye kanzu yangu kwa mchirizi mwembamba, wanga ukalegea, na alama ikatokea juu ya moyo wangu mbele ya mlango wa Mwenye Nyumba.

"Nani amechoma?" akauliza. Hakukaripia. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Anyesi," nikasema.

Sikulipanga. Lilikuwa limekaa mdomoni mwangu maisha yote, limeshavaa viatu, likingojea tu aulize mtu. Na nilipolisikia likitoka mahali pale, mbele ya mlango ule, niliogopa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeogopa mambo mengi: kuchelewa, kuchekwa, Mama Foibe. Hofu hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa hofu ya mtu anayegundua kwamba mwanga upo kweli, na kwamba yeye amekuja kuutapeli. Nikatazama mlango nikaona hatua saba zimekuwa sabini.

"Na Anyesi yuko wapi?" akauliza yule wa beseni.

"Bondeni."

"Kengele iliyokuita wewe imemwita na yeye. Mbona hajafika?"

Jibu lilikuwa limevaa kanzu yangu.

"Nikishuka kumfuata," nikasema hatimaye, "mwangwi utakufa nikiwa chini."

Alichuchumaa tena kwenye beseni lake, akasubiri kama mtu mwenye muda wote wa dunia.

Nikageuka. Nikashuka.

Nilishuka nikipishana na safu nzima, na kila uso uliuliza, Dobi, umesahau nini? Nimesahau dada. Umesahau nini? Nimesahau dada yangu mmoja, wa tumbo moja, aliyekuwa akininyunyizia maji. Mwangwi ukawa mwembamba. Nikakimbia. Nikaanguka, kanzu ikapata vumbi, nikainuka bila kuikung'uta, na hilo peke yake lilinishangaza kuliko kuanguka. Nilisema na nafsi yangu kama mwendawazimu. Ewe Yokonia, ulitaka kwenda kwake na weupe au ulitaka kwenda kwake? Na kama ulitaka kwenda kwake, mbona ulikuwa tayari kumpita mtu wake? Unasema unamcha. Ulikuwa unaucha mlango. Ulikuwa unaicha safu na macho ya safu. Yeye mwenyewe hukuwahi kumcha hata siku moja, maana anayemcha hathubutu kumdanganya, na wewe ulimtumia uongo wako umefungwa kwenye pazia lake. Nasema haya yote nikiwa nakimbia, nahema, na sauti ya jina langu angani imebaki nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo.

Bondeni maji ni meusi na kingo zake nyeusi. Nilimwona Anyesi kwa mbali akiwa bibi kizee, nilipokaribia akawa msichana, nilipomfikia akawa mzee tena. Hakuacha kukamua gunia.

"Kaka Yokonia," akasema. "Umepotea njia?"

"Sijapotea."

"Basi sogea kidogo. Maji haya yanaruka, utaichafua hiyo kanzu yako ya sherehe." Akaitazama. Akaiona alama. Akaendelea kukamua. "Kumbe imekwisha kuchafuka."

"Anyesi, mimi ndiye niliyechoma pazia."

"Najua. Nilikuwepo."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yakaisha yote kwa hilo moja. Nikapiga magoti kwenye tope lake jeusi. Yeye akatandika gunia juu ya jiwe, akalinyoosha kwa viganja taratibu, kama linatakiwa liende ikulu.

"Mimi nilikuwa nimekuwekea maneno," akasema. "Mazuri sana. Nilikuwa nikiyapanga kila siku, nikisema siku Yokonia atakapotokea hapa nitamwambia hivi na hivi mpaka atamani ardhi immeze. Sasa umekuja, na nayatafuta siyaoni. Nafikiri nimeyamalizia kwenye magunia."

"Nisamehe, dada."

"Ulinisema mbele za watu, kaka. Ukiniomba radhi huku chini, atasikia nani? Hili gunia?"

"Twende juu. Nitasema hukohuko. Na wewe umeitwa, Anyesi. Kengele ileile."

Hapo ndipo mikono yake ilipoacha kazi. "Niliisikia," akasema kwa sauti ndogo. "Nikadhani imekosea. Si mlituambia sisi wa huku hatuitwi?"

Hakuna kipigo nilichowahi kupigwa kilichoniuma kama swali lile. Alikuwa amesikia jina lake kutoka kinywani mwa Mwenye Nyumba, akajiambia haiwezekani, akarudi kwenye magunia. Na uongo uliomfanya arudi ulikuwa wangu.

"Tulisema uongo," nikamwambia. "Mimi nilisema. Vaa kanzu yangu, uende wewe."

Akanitazama, na mdomo wake ukajikunja upande mmoja, kama zamani alipokuwa akinitania. "Yenye alama yako? Baki nayo. Nitakwenda na gauni langu."

Tukapanda. Naapa njia ile ilikuwa fupi. Sijui kama mlima ulipungua au mimi ndiye niliyepungua, lakini tulipanda tukishikana mikono, yeye mweusi wa mkaa na mimi mwenye tope magotini, na kabla sijachoka mawe ya uwanja yakawa chini ya miguu yetu. Mwangwi ulikuwa haujafa. Ulikuwa umebaki kama pumzi ya mgonjwa.

Mama Foibe akatuona wa kwanza. "Yokonia! Huyo unampeleka wapi na hali hiyo? Na wewe mwenyewe, jitazame!"

"Nimejitazama, mama," nikasema. Kisha nikaigeukia safu nzima. "Nisikilizeni! Ile siku ya pazia mliuliza nani amechoma. Nilichoma mimi. Pasi ilikuwa mkononi mwangu, na dada yangu nilimkataza asinyunyize maji. Nilimsingizia kwa sababu nilitaka sifa, na nimekula sifa hizo mpaka leo. Anyesi hana kosa. Alisema siyo yeye, na ilikuwa kweli. Dada yangu, nisamehe, mbele ya hawa wote."

Nilidhani watanizomea, nami nilikuwa tayari. Badala yake nikamwona mzee mmoja akishusha macho taratibu kwenye kifua chake mwenyewe na kuweka kiganja mahali fulani. Kisha mwanamke nyuma yake. Kisha safu nzima, mmoja baada ya mwingine, mikono vifuani, na mimi niliyewafulia wote nikakumbuka ni kiasi gani cha buluu kilipita kwenye nyumba yetu.

"Nimekusamehe, kaka," Anyesi akasema. Alisema kwa nguvu, wa mwisho kwenye safu asikie. Halafu akaongeza, kwa ajili yangu tu, "Ulichelewa sana, mjinga wewe," na akalia begani kwangu, akaniachia alama nyingine nyeusi. Sijawahi kupewa nishani, lakini ile naihesabu.

Nikamwendea mtu wa beseni. Nikavua kanzu, nikabaki na fulana yenye tundu begani, dobi mkuu wa weupe wote, nikamnyooshea nguo yangu kwa mikono miwili. "Tafadhali," nikasema. "Nifulie."

Hakutia sabuni. Hakutia buluu. Alipoizamisha mikono yake ndani ya maji pamoja na kanzu, maji yakawa mekundu, rangi ile ambayo dobi huikimbia kuliko rangi zote, maana ikishaingia kwenye nguo nyeupe haitoki. Nikataka kupiga kelele kwamba anaiharibu. Nikatazama vizuri makovu ya viganja vyake. Yalikuwa yamepenya hadi upande wa pili. Hakuna pasi duniani inayochoma hivyo. Nikaanguka kifudifudi, na Anyesi akaanguka kando yangu, kwa kuwa tulitambua sote wawili kwa wakati mmoja ni nani ambaye safu nzima ilikuwa ikimpita kwenda kumtafuta.

Akaitoa kanzu. Ilikuwa nyeupe. Nimesema neno hilo mara elfu kumi na moja nikilipwa sifa, na sikuwahi kujua maana yake. Alama haikuwepo. Akalichukua na gauni la Anyesi, lile la mkaa, akiwa amemfunika kwanza kwa vazi lake mwenyewe, akalifua kwa maji yaleyale, na likatoka sawasawa na yangu, wala mimi dobi nisingeweza kusema lipi lilianza likiwa nini. Aliinama mpaka miguuni petu, akatuosha hata nyayo. Nyuma yetu nilisikia hatua. Safu ilikuwa inalielekea beseni. Mama Foibe alikuwa wa mwisho, akikunja mikono ya nguo yake.

Ndipo mwangwi ulipokufa.

Ulikwisha kabisa. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Anyesi akanishika mkono kwa nguvu. "Tumechelewa," akasema.

"Kengele ni ya kuita," akasema mwenye viganja vile. "Anayekuja hana haja ya kuitwa tena."

Akasukuma mlango. Haukuwa na komeo, na wala haukuwahi kuwa nalo. Ulifunguka kwa kidole kimoja, na mwanga uliotoka haukuniumiza macho, ila uliniona. Viatu vyangu nikaviacha nje. Hakuna aliyeniamuru. Miguu yangu ilijua kabla yangu kwamba hapa mtu hakanyagi na vumbi la kwao. Nilitetemeka, na furaha ilikuwa imenijaa hadi kooni, nikagundua kwamba kutetemeka na kufurahi ni kitu kimoja mtu anapokuwa mahali panapostahili. Nilikuwa sina cha kuficha, na kwa hiyo ningeweza kuinama mpaka chini. Aliye na siri hainami vizuri, siku zote anashika kitu kifuani.

Kizingitini alisimama yule kijana mwenye kisogo changu. Alikuwa bado anasubiri.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," nikajibu, na sauti yangu ikatoka nzima. Akatabasamu, akanijia, na sikumwona tena isipokuwa ndani yangu.

Kisha nikaliona pazia. Lilining'inia mbele yetu, refu kuliko nilivyolikumbuka, na nikaelewa kwa nini halikushuka tena kwetu vizazi vyote hivyo. Lilikuwa limechanwa. Kuanzia juu kabisa, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu unaofika, hadi chini. Mwenye Nyumba alikuwa amelipasua mwenyewe, zamani, wakati sisi huku chini tukimlaumu msichana kwa doa la ukubwa wa ukucha.

Nikaitafuta alama yangu. Nilijua mahali pake, usawa wa kifua. Niliikuta. Mpasuko ulikuwa umepita katikati yake hasa, nusu ikabaki upande wa kushoto na nusu upande wa kulia, na katikati hapo ndipo palipokuwa na njia.

Anyesi akagusa nusu moja kwa kidole, akaanza kucheka, kicheko chake cha zamani cha kutoka tumboni, na mimi nikacheka naye huku machozi yakinitoka. Ndani, mtu akaita majina yetu bila kengele.

"Twende, kaka," Anyesi akasema. Tukashikana mikono, nguo zetu bado zikichuruzika maji, tukapita katikati ya alama yangu, tukaingia.